Jiko la kuchomea uani chini ya laki moja hapa Mwanza: anzeni na wavu

Jirani wa Kitangiri (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Nimefungua uzi huu kwa sababu naona watu wengi mjini kwetu wanatamani kuchoma nyama au sato nyumbani, na karibu wote wanaanza kwa kutafuta pipa. Mtu anazunguka kwa wauza vyuma chakavu, analipia pipa, analipia bodaboda ya mizigo, analipia fundi alipasue na kuliwekea miguu. Zamu ya wavu ikifika, hela imeisha. Basi anachukua kifuniko cha feni iliyokufa au rafu ya friji bovu, anailaza juu ya makaa, na chakula cha watoto kinaivia hapo.

Hilo linaniuma kweli. Kitu pekee kinachogusa chakula ni wavu. Kinachoamua kama nyama itaiva au itaungua ni umbali wa wavu kutoka kwenye makaa, pamoja na hewa inayoingia chini. Pipa, tofali, ringi ya gari, vyote hivyo ni ukuta wa kukinga upepo na kutunza joto. Ukuta unaweza kuupata bure au karibu na bure. Wavu mzuri haupatikani bure, kwa hiyo hela iende huko kwanza.

Bei za chuma zinapanda na kushuka kila mara, kwa hiyo naongelea vipimo. Ukiwa na vipimo unaweza kuuliza bei Nyakato, ukauliza na Igoma, ukachagua.

Nunua nondo moja ya milimita 8. Nondo nzima ina mita 12. Wavu wa sentimita 50 kwa 40 unatosha familia ya watu sita mpaka wanane. Sato wanne wa wastani wanalala juu yake bila kubanana. Kata vipande 24 vya sentimita 40, hiyo ni mita 9.6. Kata vitatu vya sentimita 50 vya kuvishikilia kwa chini, kimoja kila ukingo na kimoja katikati, mita 1.5. Jumla mita 11.1. Kinachobaki, baada ya grainda kula sehemu yake, ni kama sentimita 80, na hapo unapata mishikio miwili. Nondo yote imetumika. Ukivipanga sawasawa, nafasi kati ya chuma na chuma inakuwa sentimita 1.3 hivi: mshikaki hauzami na mafuta yanapita.

Hizo rafu za friji na vifuniko vya feni achaneni navyo. Vimepakwa rangi, plastiki, au madini ya kung'arisha ambayo hayakutengenezwa kwa ajili ya moto. Waya wa kuku na nyavu za madirisha nazo zimepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi joto 419, na makaa yaliyopulizwa vizuri yanazidi hapo kwa mbali. Mafundi wa kuchomelea wanaujua ule moshi mweupe wa bati na homa inayowapata jioni yake. Kitu cha namna hiyo kisikae chini ya chakula.

Sasa ukuta. Mimi ni mtu wa tofali za kuchoma, zile nyekundu, zilizopangwa bila udongo wala saruji. Kwa wavu wa kipimo nilichotaja unahitaji kama 55. Panga 12 chini ziwe sakafu. Juu yake simamisha kuta tatu, nyuma na pembeni, na mbele uache wazi. Mstari wa kwanza wa kuta acha mianya ya vidole viwili kati ya tofali na tofali, hewa ipite. Juu ya mstari wa pili laza kipande cha chuma cha pipa kilichotobolewa matundu mengi, hicho ndicho kitanda cha mkaa. Juu ya mstari wa tano geuza tofali mbili kila upande zitokeze kidogo ndani, wavu ukae hapo. Mkaa ukishawekwa, pima: kutoka juu ya makaa mpaka kwenye wavu pawe na sentimita 12 mpaka 15. Hapo ndipo nyama inaiva kwa utulivu.

Uzuri wa kupanga bila kujenga ni huu: ukichoma mahindi unashusha wavu mstari mmoja, ukichoma paja la mbuzi unaupandisha. Jiko la pipa la kawaida halikupi nafasi hiyo, wavu unakaa palepale siku zote.

Tofali za saruji usizipange karibu na moto, zinapasuka. Na tafadhali sana, mawe yetu haya ya Mwanza yasiwe ukuta wa jiko. Najua yamejaa kila ua na yanapendeza. Lakini mmewaona wapasua kokoto: wanawasha moto juu ya jiwe ili lipasuke. Granaiti ina chembechembe za madini ya kwazi, nazo zikifika nyuzi joto 573 zinavimba ghafla. Kipande kikiruka na mtoto amesimama pale, hiyo sherehe imeharibika.

Karibuni, kila mwenye ujuzi wake aweke.

Buhongwa Leo

Mkuu heshima yako, lakini pipa unalionea. Nusu pipa ina mfuniko. Ukifunika, kuku wa kienyeji anaiva mpaka ndani. Kwenye tofali zako utamfunika na nini? Halafu wengi wetu ni wapangaji. Mwenye nyumba akikukuta umepanga tofali 55 uani atasema umeanza kujenga.

Jirani wa Kitangiri

Ndugu yangu wa Buhongwa, hoja ya mfuniko ni ya kweli kabisa. Kwa kuku na kwa vipande vinene mfuniko unasaidia sana. Ila si lazima uwe wa pipa: sufuria kubwa kuukuu au karai la chuma lisilo na rangi, ukilifudikiza juu ya kuku, linafanya kazi hiyohiyo. Joto linazunguka na kuku anaiva juu na chini. Ziba na upande wa mbele kwa tofali chache.

Kuhusu upangaji, tofali zisizojengewa unazitoa kwa nusu saa na kuzipanga kando ya ukuta. Lakini kwa mtu wa chumba na sebule, ushauri wangu ni ringi ya gari. Wavu wa duara, miguu mitatu ya nondo, basi. Angalia tu iwe ringi ya chuma. Zile za aluminiamu hapana, aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi joto 660.

Fundi Chuma

Nimeingia kwa sababu ya hilo la mapipa, maana ni kazi yangu.

Pipa la kawaida ni la lita 200, kipenyo chake sentimita 57 hivi na urefu 88. Ukilipasua kwa urefu unapata beseni la karibu sentimita 88 kwa 57. Kulijaza wavu wa nondo ya milimita 10 kunakula karibu nondo mbili nzima, na wavu wenyewe unafika kilo 13. Akina mama hawawezi kuunyanyua ukiwa wa moto. Kwa hiyo hesabu ya mwanzisha uzi naiunga mkono: familia haihitaji jiko la ukubwa wa baa.

Lakini mtu akitaka pipa lazima, naomba mnisikilize hapa. Kwanza uliza lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula ndilo bora. Lililobeba dawa za mimea au kemikali za kiwandani liache hukohuko, kuchoma moto hakulisafishi. Lililobeba petroli au dizeli linaweza kulipuka likiguswa na grainda au moto wa kuchomelea, hata kama limekaa tupu kwa miezi na halinuki. Mvuke wake unabaki ndani. Fundi anayejali roho yake analijaza maji kwanza, anaacha nafasi ndogo sana juu. Ukiona fundi amechukua pipa la mafuta na kuwasha grainda bila kuuliza, ondoka pale na watoto wako.

Baada ya kupasua, washa moto mkubwa wa kuni ndani yake mpaka rangi yote iungue, nje na ndani. Sugua kwa brashi ya waya, osha, kausha, paka mafuta ya kula, washa tena. Ndipo uweke chakula.

Na kwenye wavu nina nyongeza. Kama unaweza, omba chuma cha duara kisicho na mistari badala ya nondo ya ujenzi. Ile mistari inashika mabaki ya nyama na kuisafisha ni kazi. Unene uleule wa milimita 8. Kikikosekana, nondo itafaa, ila ipigwe msasa upande wa juu.

Jirani wa Kitangiri

Wabeja sana fundi. Hilo la kujaza maji ningependa kila mtu alisome kabla hajaenda kwa mtu wa vyuma chakavu.

Mpangaji Mabatini

Mimi shida yangu ni moshi. Huku kwetu nyumba zimepandana mlimani, ukiwasha tu jirani wa juu anaita. Nifanyeje?

Jirani wa Kitangiri

Mpangaji, moshi mwingi unatoka sehemu mbili: mkaa ambao haujashika, na mafuta yanayodondoka kwenye makaa.

Wa kwanza unautibu kwa namna ya kuwasha. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga au debe dogo la mafuta ya kula, toa kitako, toboa matundu pembeni kwa chini. Lisimamishe juu ya kitanda cha mkaa. Chini weka magunzi makavu ya mahindi na karatasi, juu jaza mkaa. Washa chini. Hewa inapanda yenyewe, na kama dakika 20 baadaye mkaa wote una majivu meupe juu yake. Inua kopo kwa koleo, makaa yanamwagika. Hupepei hata mara moja. Magunzi huku Kanda ya Ziwa tunayatupa, kumbe ndiyo kiwashio kizuri kuliko vyote.

Mafuta ya taa sitaki kuyasikia. Harufu yake inakaa kwenye nyama, na ukiyamimina juu ya makaa yaliyokwisha kushika moto, ndimi zinarudi mpaka kwenye dumu mkononi. Mifuko ya nailoni na chupa za plastiki vilevile. Unapika chakula juu ya sumu.

Halafu upepo wetu. Mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku, ardhi ikishapoa, unageuka na kuelekea ziwani. Kwa hiyo jiko ulilolitegea vizuri saa tisa alasiri linaweza kumpelekea moshi jirani mwingine kabisa saa mbili usiku. Angalia pande zote mbili kabla hujachagua mahali. Na ukimpelekea jirani sahani mapema, mazungumzo yanakuwa mepesi.

Mama wa Nyegezi

Wanangu, mmeongea chuma na tofali mpaka samaki mmemsahau, na mji wenyewe ndio huu.

Kijana wa Igoma

Shikamoo mama. Tufundishe tafadhali, mimi sato wangu kila siku anabaki nusu kwenye wavu.

Mama wa Nyegezi

Marahaba mwanangu. Sikiliza.

Sato anaganda kwa sababu tatu: wavu ni wa baridi, samaki ana maji, au una haraka ya kumgeuza. Nimechoma samaki miaka mingi na sijaona sababu ya nne.

Kwanza ununuzi. Sato chini ya sentimita 25 sheria hairuhusu avuliwe, na hata kwa wavu hafai, anakauka kabla hajakolea moshi. Chukua wa sentimita 28 mpaka 32, anaingia vizuri kwenye huo wavu wa 40. Angalia jicho liwe angavu na limejaa, inua mashavu uone wekundu mbichi, bonyeza mgongoni nyama irudi. Ukienda asubuhi soko la samaki la Mwaloni Kirumba au mwalo wowote wa karibu, unachagua wewe. Ukienda jioni, umechaguliwa.

Parua magamba yote, toa matumbo na mashavu yenyewe, osha ile ngozi nyeusi ya ndani ya tumbo mpaka iishe, maana ndiyo inayoleta uchungu. Mchanje mara tatu kila upande, mpaka kisu kiguse mfupa. Chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili ukipenda. Viingie kwenye chanjo na tumboni. Dakika 20 mpaka 30 zinatosha. Ukimlaza na ndimu usiku kucha nyama inalegea, na hapo ndipo anakatika.

Sasa sehemu wanayoiruka: mkaushe. Mfute kwa kitambaa safi mpaka ngozi isilowanishe kidole, kisha mpake mafuta kidogo. Wavu uwe umekaa juu ya makaa dakika 10 tupu. Upake mafuta kwa kitunguu kilichokatwa nusu, umekichoma na uma. Mlaze samaki umwache. Ukijaribu kumwinua akashika, hajaiva upande huo, muache tena. Ngozi ikishakuwa ngumu inajiachia yenyewe. Sato wa nusu kilo anachukua dakika 8 mpaka 10 kila upande. Geuza mara moja tu.

Makaa yasiwe ya kuwaka ndimi. Yawe mekundu yenye majivu. Weka kiganja juu ya wavu, kama sentimita 10: ukiweza kuvumilia mpaka hesabu ya tano au sita, huo ndio moto wa sato. Ukitoa mkono kwenye mbili, subiri.

Sangara ni habari nyingine. Ana mafuta mengi, yakidondoka moto unapanda na kumpaka masizi. Mkate vipande vinene vyenye ngozi, na umchome upande ambao makaa ni machache.

Kijana wa Igoma

Asante sana mama. Kumbe ni kumkausha. Na jani la mgomba?

Mama wa Nyegezi

Jani ni zuri kwa samaki mdogo au minofu isiyo na ngozi. Lipitishe kwanza juu ya moto lilainike lisipasuke, mfunge, uweke. Lakini hapo anakuwa wa kuokwa kwa mvuke. Mtu aliyekuja kwa ajili ya kuchoma atauliza ngozi iko wapi.

Nansio Moja

Niongezee kwenye mkaa. Wengi wananunua kwa kuangalia ujazo wa sado tu. Angalia mkaa wenyewe. Gonganisha vipande viwili: mkaa wa mti mgumu ulioiva unalia kwa sauti kali, na ukiuvunja ndani unang'aa. Mkaa wa mti mwepesi unatoa sauti ya kufa, unashika haraka na kuisha haraka. Ukiona vipande vina rangi ya kahawia ndani, haujaiva, huo ndio utakaokutoa machozi. Na wakati wa mvua, vuli na masika, mkaa unanyonya maji. Unawasha, unarukaruka cheche.

Kwa wavu wa 50 kwa 40, kilo moja na nusu mpaka mbili zinatosha mlo mmoja. Usiutandaze wote sawasawa. Rundika upande mmoja, theluthi mbili za kitanda, na theluthi moja iache tupu. Nyama inaanzia kwenye makaa kupata rangi, kisha inahamia kwenye nafasi tupu kumalizia. Moto ukipanda una pa kukimbilia. Wachoma nyama wengi wa nyumbani hawana hiyo nafasi tupu, wanabaki kunyunyiza maji kwenye makaa, na majivu yote yanarukia chakula.

Dada wa Ilemela

Samahanini wakuu, wakati huu nchi inasukuma nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya watu ifikapo 2034. Sisi tunafungua uzi wa mkaa. Hamuoni tunarudi nyuma?

Jirani wa Kitangiri

Dada, swali lako ni la haki na nalichukulia kwa uzito. Mimi chai, wali na maharage napikia gesi. Mkaa wa kila siku ndani ya jiko la ndani ndio unaomaliza misitu na vifua vya mama zetu, na naunga mkono uondoke. Kuchoma uani ni jambo la siku moja moja, tena nje kwenye hewa. Na hata hapo tunaweza kupunguza. Ukimaliza kuchoma, makaa yaliyobaki usiyaache yaishe bure. Yachukue kwa koleo uyaweke kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko unaobana. Hewa ikikosekana yanazima, na wiki ijayo unaanza nayo. Yanashika haraka kuliko mkaa mpya.

Jambo moja ambalo sitalisema kwa upole: mvua ikianza, jiko lisiingizwe ndani. Wala sebuleni, wala stoo, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Familia zinalala haziamki. Mvua ikija, toa chakula ukimalizie jikoni kwenye gesi, makaa uyaache nje.

Dada wa Ilemela

Nimekuelewa kaka. Hiyo ya ndoo yenye mfuniko nitaifanya.

Kijana wa Igoma

Mishikaki je? Nyumbani tunatumia spoki za baiskeli.

Fundi Chuma

Spoki nyingi zimepakwa zinki au nikeli, mdogo wangu. Nunua vijiti vya mianzi, viloweke kwenye maji nusu saa visiungue. Au leta kipande cha waya mgumu mweusi usiopakwa kitu, nikukatie na kukuchongea ncha. Bapa ni nzuri kuliko duara, maana kwenye chuma cha duara nyama inazunguka yenyewe ukigeuza na upande mmoja haupati moto.

Buhongwa Leo

Basi mimi nimekubali wavu kwanza. Pipa langu litasubiri. Ila kuku bado mnamdokoa tu. Mwageni maarifa.

Mama wa Nyegezi

Kuku wa kienyeji ni mgumu, mchemshe kwanza na chumvi, tangawizi na kitunguu mpaka akaribie kulainika, kisha akauke, ndipo aende kwenye wavu. Supu hiyo usimwage, ndiyo ya kuanzia mlo. Kuku wa kisasa hahitaji kuchemshwa. Mpasue mgongoni umbapatishe, aanze upande wa mifupa kwenye nafasi isiyo na makaa chini, umfunike na hilo karai la mwanzisha uzi. Dakika 40 hivi. Mwisho mgeuze ngozi chini juu ya makaa, dakika chache, apate rangi. Choma kisu kwenye kiungo cha paja: maji yakitoka na wekundu, anarudi kwenye moto. Wenye kipimajoto, ndani ya paja ifike nyuzi 74.

Na sahani iliyobeba kuku mbichi isipokee kuku aliyeiva. Hilo nimelirudia kwa watoto wangu mpaka wamechoka kunisikia, na nitaendelea.

Mpangaji Mabatini

Wakuu, nimekwenda kwa fundi na vipimo vya uzi huu. Anasema nondo ya milimita 8 itapinda kwa joto, nichukue 12.

Fundi Chuma

Nondo ya 12 ina uzito zaidi ya mara mbili ya 8 kwa kila mita, na utalipia uzito huo. Urefu wa sentimita 40 wenye chuma cha katikati haupindi kwa moto wa mkaa wa kawaida. Kinachopinda ni wavu mrefu usio na kishikizo katikati. Mwambie asisahau kile kipande cha tatu cha sentimita 50. Achomelee kwa chini kila makutano, si kuruka moja moja, na mabaki ya kuchomelea ayagonge yatoke yote. Kabla ya matumizi ya kwanza uuweke kwenye moto mkali peke yake nusu saa, brashi, mafuta ya kula, moto tena.

Jirani wa Kitangiri

Na kila ukimaliza kuchoma, usiuoshe kwa sabuni na kuuacha uani. Ungali wa moto, usugue kwa brashi ya waya, uupake mafuta kidogo, uutundike ndani. Angalia kama kuna unywele wa brashi umebaki, futa kwa kitambaa. Kwa unyevu wa huku ziwani chuma kikilala nje siku mbili kimeshapata kutu.

Tofali nazo zikinyeshewa, siku ya kuwasha anza na moto mdogo wa vijiti kwa nusu saa. Maji yaliyonywewa yanatoka taratibu. Ukiwasha moto mkali moja kwa moja zinapasuka.

Msukuma Halisi

Mkuu uzi mzuri sana. Mwezi ujao kuna kipaimara cha kijana wangu huku Kisesa, wageni kama 30. Nitengeneze wavu wa mita nzima?

Jirani wa Kitangiri

Hongera kwa kijana, ndugu yangu. Mita nzima usitengeneze, utakuwa mzito na utapinda katikati, yaleyale aliyosema fundi. Tengeneza nyavu mbili za 50 kwa 40, nondo mbili. Refusha ukuta wa nyuma, simamisha nguzo ya tofali katikati ya kubeba kingo zote mbili, jumla utahitaji tofali kama 85. Mkaa andaa kilo nne za kuanzia na nyingine mbili ziwe zinashika kwenye kopo pembeni, maana kuongeza mkaa mbichi chini ya nyama ndiko kunakoleta moshi mchungu.

Mbuzi kwa watu 30, pamoja na ndizi na ugali, weka kilo 10 za nyama yenye mfupa. Choma kwa zamu na kata kwenye ubao kadiri inavyotoka, wageni wale ya moto. Vipande vinene vianze saa moja na nusu kabla ya chakula, upande usio na makaa. Chumvi peke yake inatosha kwa mbuzi mzuri. Kachumbari na pilipili viwe mezani.

Na fundi mwambie nyavu zote mbili zilingane kabisa, ili mmoja ukichafuka uutoe, uweke mwingine, na kazi iendelee moto ukiwa unawaka.